Tapakulo wa Cosanga: picha haitoshi, sikiliza sauti

SWALI: Karibu na Cosanga, Ecuador, mwinuko wa mita 2,050, nilimwona ndege mdogo wa kijivu kilichokoza akikimbia chini ya mianzi kama panya. Picha ilitoka na ukungu, ila nimenasa sekunde 40 za sauti: noti mbilimbili, "chu-dok, chu-dok", bila kukatika. Kwa sababu ya mianzi, rafiki yangu anasema ni *Scytalopus spillmanni*. Je, ni kweli?

JIBU: Asante kwa kuandika mwinuko; wengi husahau. Huyo ni tapakulo wa jenasi *Scytalopus*, na kwa maelezo yako mimi namwita *S. micropterus*, yule mwenye mkia mrefu.

Rafiki yako ana hoja, kwani *spillmanni* ni mpenzi mkubwa wa mianzi ya Chusquea. Lakini pale Cosanga spishi hizi mbili hukutana: *micropterus* hutoka chini hadi kama mita 2,300, na *spillmanni* huanza kwenye 1,900 hivi kwenda juu. Kwa hiyo mwinuko wako hauamui, wala mianzi haiamui. Manyoya nayo hayasaidii, maana wote wawili ni kijivu, wenye michirizi ya kahawia kiunoni na ubavuni. Hata picha safi ingeniacha na shaka.

Kinachoamua ni wimbo. Wa *spillmanni* ni mtetemo mrefu, noti zikikimbizana upesi hata huwezi kuzihesabu. Wa *micropterus* ni noti pacha zinazorudiwa, kama ulivyoziandika. Na tapakulo, kwa kadiri inavyojulikana, huzaliwa na wimbo wake, hajifunzi kwa majirani, ndiyo maana tunauamini kiasi hiki. Mwaka 1997 wataalamu wa ndege Niels Krabbe na Thomas Schulenberg walipoupanga upya ukoo huu wa Ecuador, sauti ndiyo iliyokuwa ushahidi wao mkubwa. Kabla ya hapo *micropterus* alihesabiwa kuwa nususpishi tu ya *S. femoralis* wa Peru.

Tahadhari moja: hakikisha ulichonasa ni wimbo, si mlio wa kufokea adui. Milio hiyo hukanganya sana. Fungua faili kwenye programu inayochora sauti. Ukiona alama zimekaa jozi jozi tangu mwanzo hadi mwisho, andika *micropterus* bila wasiwasi. Ukiona alama nyembamba zilizosongamana kama meno ya kitana, rafiki yako ameshinda.