Usinunue usukani kwa ajili ya gemu za namna hii

Ndugu, kabla hujaongeza hata shilingi moja juu ya hiyo laki uliyokwisha kuitoa kama arubuni, soma hapa kwanza. Umeuliza kama gemu za mbio za magari, Need for Speed: Most Wanted ya mwaka 2005 na Burnout Paradise, zinamfaa mtu anayeanza, kama kompyuta yako yenye RAM ya GB 8 itazimudu, kama mwanao wa miaka 9 anaweza kuzicheza, na usukani upi ununue, kwa kuwa muuzaji amekwambia kwamba bila usukani hutaupata utamu wake. Hapa najibu hilo la mwisho tu, maana maneno hayo nayajua kwa moyo: niliambiwa vivyo hivyo Kariakoo, na mtu aliyeyatamka huku akipangusa vumbi juu ya boksi kana kwamba ananikabidhi mtoto mchanga.

Nilitoa shilingi 650,000. Nikapewa usukani unaozunguka nyuzi 900, gia ya pembeni, na pedali 3, mojawapo ikiwa ya klachi. Klachi, ndugu yangu, kwa Burnout Paradise, gemu ambayo gari lake hujibadilishia gia lenyewe na kukuachia wewe kazi moja tu ya kukimbia! Usukani niliufunga kwenye meza ya kulia chakula, na kwa kuwa ubao wa meza ulikuwa mwembamba, nilikunja kitambaa mara nne ili vibano vishike. Pedali ziliteleza kwenye vigae kila nilipokanyaga breki, hivyo nikaziegemeza ukutani na kuzizuia kwa tofali. Mke wangu aliziita cherehani, na hadi leo mgeni akiuliza kuhusu alama zilizobaki mezani, jibu huwa ni kwamba baba alikuwa anajifunza kushona.

Kwa wiki mbili niliamini kwamba mjinga ni mimi. Nilikuwa nikiingia kwenye kona, mkia wa gari unatoka, nazungusha usukani upande wa pili ili niliweke sawa, na kabla mikono haijamaliza safari yake gari limekwisha kukumbatia ukuta. Kisha akaja mpwa wangu wa miaka 11, akaketi kwenye mkeka na padi, kile kidude cha vitufe cha kushika mikononi, ya zamani ambayo mpira wa kitufe chake kimoja ulikuwa umechanika, na nikiwa bado nimeinama chini ya meza nalegeza vibano, akawa amewaangusha wapinzani watatu na kuniuliza kwa heshima zote kama mjomba anahitaji msaada.

Hapo ndipo nilipokaa chini na kufikiri jambo ambalo muuzaji yule alipaswa kuniambia. Nyuzi 900 ni mizunguko miwili na nusu kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, ilhali kidole gumba kwenye padi hufanya kazi hiyohiyo kwa kusogea kidogo tu. Watengenezaji wa gemu hizi hulipimia gari kidole, wala hawalipimii mikono miwili. Unagusa breki mara moja, gari linaserereka kona nzima bila kupoteza mwendo wa maana, na ukiachia linajinyoosha karibu lenyewe. Ukijaribu hivyo kwenye mlima Kitonga utakuwa habari ya saa mbili usiku, na utamu wa gemu hizi uko papo hapo: barabara inakulipa kwa kosa ambalo barabara ya kweli ingekuzika. Burnout hukujazia nguvu ya ziada ya mwendo kwa sababu umepita upande usio wako na kulikosa basi kwa unywele, na ukigonga, inakuonyesha polepole bati linavyojikunja, kisha baada ya sekunde chache uko barabarani tena bila deni la fundi wala la bima. Most Wanted nayo ina Speedbreaker, kitufe kinachopunguza kasi ya dunia nzima ili ujipenyeze katikati ya magari ya polisi. Ni mambo ya kidole na jicho, na usukani unayachelewesha yote.

Muuzaji wako atakujibu kama wangu alivyonijibu, kwamba mashine za zamani za kumbi za michezo zilikuwa na usukani. Ni kweli, OutRun ya Sega ya mwaka 1986, kazi ya Yu Suzuki, ilikuwa nao, na kulikuwa na toleo ambalo hata kiti kiliyumba pamoja na gari. Lakini usukani ule ulibuniwa pamoja na gemu yake kama chungu na mfuniko wake, wala haukudai mizunguko miwili na nusu. Nintendo walikuwa waungwana zaidi: usukani wa Mario Kart ya Wii, mwaka 2008, ulikuwa ganda la plastiki la kuchomekea rimoti ya kuchezea, na hakuna aliyenitoza 650,000 kwa ganda.

Nilipourudisha usukani wangu dukani niliambiwa kwamba bidhaa ikishafunguliwa hairudi. Kijana mmoja aliyeusifu usukani huo kwa dakika 20 kwenye video yake, huku mkononi akiwa ameshika padi (nilikuja kuliona hilo nilipoitazama mara ya pili, kwa macho ya mtu aliyefilisika), hakujibu ujumbe wangu. Mwishowe niliuza seti yote kwa 270,000 kwa bwana mmoja anayecheza Euro Truck Simulator 2, gemu ya kuendesha malori, na huko usukani una kazi kweli, kama ulivyo na kazi kwenye Gran Turismo, gemu ya mbio inayoiga uendeshaji wa kweli, kwa sababu mle unaadhibiwa kwa kukanyaga breki vibaya na mikono yako inapewa muda wa kusikia uzito wa gari.

Kwa hiyo shika hili moja tu: cheza kwa padi siku 30 kabla ya kununua kifaa kingine chochote, hata kama muuzaji ni shemeji yako. Baada ya siku hizo utajua wewe ni mtu wa kuserereka au mtu wa kupiga hesabu za breki, na ukiwa wa kuserereka, kama mimi, padi ya kawaida itakutosha. Na hiyo laki ya arubuni kaidai leo hii, kabla hajakufungulia boksi.