"Ya muda" pekee haitoshi

Mhariri, wiki hii mmetuuliza wasomaji kama maneno ya Kiingereza kama interim, acting, provisional, temporary na stopgap yanatofautiana kweli, au ni majina mengi ya jambo moja. Jibu langu: yanatofautiana, na sisi tunaotafsiri tunawaumiza watu tunapoyatia yote kwenye kapu moja la "-a muda".

Nasema tunawaumiza kwa sababu nimeliona kwa macho yangu. Niliwahi kumtafsiria mama mmoja aliyeumia ajalini barua ya fidia. Barua ilisema atapata interim payment, nami bila kufikiri nikaandika "malipo ya muda". Alisoma pole pole, kidole kikifuata mstari, akarudia, halafu akaniuliza, "Sasa mwanangu, hizi pesa nitazirudisha lini?" Alikuwa sahihi kuuliza. Kwa Kiswahili cha kawaida, ukipewa kitu kwa muda, umeazimwa. Kumbe zile zilikuwa sehemu ya fidia yake mwenyewe, ametangulizwa wakati hesabu ya jumla ikiendelea. Ningeandika "malipo ya kutangulia" tu, asingepata hofu ile.

Interim ni Kilatini, maana yake "katika wakati huo wa katikati", na ndani yake mna inter, yaani "baina ya". Neno hili halitangazi tu kwamba jambo litakwisha. Linasema kuna kilichopita na kuna kinachosubiriwa. Mwaka 1548 Kaisari Charles V, akitaka kutuliza ugomvi wa Wakatoliki na Waprotestanti katika Ujerumani, alitoa amri mjini Augsburg kuhusu imani na ibada hadi mtaguso wa kanisa utakapoamua. Amri hiyo ndiyo inayojulikana mpaka leo kama Interim ya Augsburg. Iliwaachia mapadri waliokwisha kuoa wake zao, na waumini wakaruhusiwa kupokea kikombe pamoja na mkate, lakini mengi mengine yalirudishwa kwenye desturi ya Kikatoliki. Pande zote mbili zilinung'unika, na mwaka 1555 yakafikiwa makubaliano mengine katika mji huohuo. Ukiiita amri ile "ya muda" umeacha neno "hadi", na bila "hadi" haieleweki ilitungwa kwa nini.

Temporary lenyewe linatokana na neno la Kilatini la wakati, basi. Linatazama saa, halina habari na kinachofuata. Ndiyo maana la muda linaweza kukaa na kukaa. Kodi ya mapato ya Uingereza ililetwa mwaka 1799 kugharimia vita na Ufaransa, baadaye ikafutwa, ikarudishwa mwaka 1842 kwa ahadi kwamba ni ya miaka michache. Ipo hadi leo, na kisheria bado inakwisha kila tarehe 5 Aprili, bunge lisipoirudisha tena.

Provisional ni jambo jingine kabisa. Asili yake ni kuona mbele: kitu kimewekwa huku aliyekiweka akijua kwamba kitathibitishwa au kubadilishwa. Matokeo yakiwa provisional si kwamba yatatoweka, ni kwamba hayajathibitishwa. Hapo Kiswahili kina "matokeo ya awali", na linafanya kazi vizuri. Sielewi kwa nini mtu aandike "matokeo ya muda".

Kwa acting sisi tuna neno ambalo mimi nalipenda kuliko lao. Kaimu limetoka kwenye Kiarabu, qaim maqam, yaani aliyesimama mahali pa mwingine. Katika dola ya Uthmaniya kilikuwa cheo kamili cha utawala. Kilatini kilisema locum tenens, mwenye kushika mahali, na mpaka sasa Waingereza humwita locum daktari anayemshikia mwenzake zamu. Wafaransa wakayatafsiri maneno hayo mawili wakapata lieutenant, nalo likatembea hadi likawa luteni wetu. Kwa hiyo luteni na kaimu, mmoja kapita Ulaya na mwingine Uarabuni, walianza na kazi ileile: kushika nafasi ya mtu.

Lakini hata kaimu ana upungufu wake. Kwa Kiingereza, mara nyingi acting ni wa kushikilia tu, hata kama mwenye cheo yuko likizo na atarudi, ilhali interim hukaa kwenye kiti kilicho wazi wakati mrithi anatafutwa. Sisi tunawaita wote kaimu. Jambo hili si dogo. Mwaka 1868 Rais Andrew Johnson wa Marekani alimfukuza waziri wake wa vita, Edwin Stanton, akamteua Lorenzo Thomas kuwa waziri ad interim. Stanton akakataa kutoka, akajifungia ofisini. Je, kiti kilikuwa wazi au kilikuwa na mwenyewe? Siku tatu tu baada ya uteuzi huo Baraza la Wawakilishi lilimshtaki rais, na katika Seneti aliponea kwa kura moja.

Stopgap halina shida, ni kiziba pengo. Makeshift ni kitu cha kuungaunga, na hapo kuna lawama kidogo ya ubora ambayo "-a muda" haina. Hema zuri la wageni ni la muda. Turubai lililofungwa kwa kamba kwenye mti ni la kuungaunga.

Naongeza moja ambalo hamkuuliza: pending. Kwa asili ni kitu kinachoning'inia, bado hakijaangushwa upande wowote. Nyaraka zetu huandika "yanayosubiri uamuzi", si vibaya. Ila wapenzi wa soka walishapata neno zamani: mechi ambayo ilipaswa kuchezwa na haijachezwa ni kiporo. Kila msikilizaji anaelewa papo hapo kwamba imebaki, kwamba ni halali, na kwamba lazima ichezwe. Mimi nimeanza kuandika "mashauri ya viporo" kwenye tafsiri zangu, na hadi sasa hakuna aliyenirudishia karatasi akiuliza maana yake.