Hadasa au Esta? Malkia mwenye majina mawili

Esta 2:7 inamtaja "Hadasa, yaani Esta". Jina lake hasa ni lipi?

Marabi wenyewe walilibishania. Katika Talmudi, mkusanyo wa kale wa mafundisho yao, sehemu iitwayo Megila, Rabi Meir anasema jina lake ni Esta, na aliitwa Hadasa kwa kuwa wenye haki hufananishwa na mihadasi. Rabi Yehuda anageuza: jina ni Hadasa, Esta ni la kupachikwa. Mhadasi ni kile kichaka cha majani ya kijani mwaka mzima, yanayonukia ukiyafikicha; Wayahudi hulishika tawi lake wakati wa Sikukuu ya Vibanda. Ben Azai akaongeza kwamba binti huyo hakuwa mrefu wala mfupi, alikuwa wa kadiri kama mhadasi. Mwingine, Yoshua ben Korha, alisema ngozi yake ilikuwa ya kijanikijani, ila Mungu alimvika uzi wa neema. Wachoraji wetu wa mabango ya makongamano ya akina mama sijui watamwambia nini rabi huyo.

Kitabu cha majina kinasema Esta ni "nyota". Ni kweli?

Inawezekana. Nyota kwa Kiajemi ni *setareh*, na kisa kinatokea Shushani, mji wa wafalme wa Uajemi. Wengine hulihusisha na Ishtar, mungu wa kike wa Babeli, ambaye nyota yake ni Zuhura. Hilo lisikushtue: hata jina la Mordekai, ndugu aliyemlea Esta, linafanana mno na Marduki, mungu mkuu wa Babeli. Wayahudi wa uhamishoni walibeba majina ya nchi walizoishi, kama sisi tunavyobeba ya wageni wetu.

Lakini maana ninayoipenda ni ya tatu. Talmudi inauliza, "Esta yuko wapi katika Torati?" Inajibu kwa Kumbukumbu la Torati 31:18, Mungu anaposema atauficha uso wake: *haster astir*. Sikiliza mlio huo. Mzizi ni s-t-r, uleule ulio katika Kiarabu, na kutoka Kiarabu ukatufikia sisi: sitiri, stara. Rabi Yehuda anasema aliitwa Esta kwa sababu alisitiri mambo yake. Na kweli, kwa agizo la Mordekai hakumwambia mtu ikulu kabila lake. Tena kitabu chenyewe, aya zote 167 za Kiebrania, hakimtaji Mungu hata mara moja. Msitiri naye amesitirika.

Mbona katika Biblia yangu Esta anamwomba Mungu, tena kwa sala ndefu?

Bila shaka unasoma Biblia ya Kikatoliki. Sala hizo zimo katika tafsiri ya kale ya Kigiriki. Katika Kiebrania hazimo.

Mordekai alikuwa mjomba wake?

Hapana, ingawa mahubiri mengi husema hivyo. Kiebrania kinasema Esta ni binti wa *dod* wa Mordekai, yaani ami, ndugu wa baba. Kwa hiyo ni watoto wa baba mkubwa na baba mdogo, na kwetu Esta angemwita kaka. Mordekai alimlea kwa kuwa Esta alikuwa yatima. (Talmudi ina mapokeo mengine: kwamba alimwoa. Wasomaji wengi hulikwepa hilo, nami sitang'ang'ana nalo.)

Kwa nini sinagogi hujaa kelele siku ya Purimu, sikukuu ya kukumbuka kisa cha Esta?

Gombo la Esta husomwa lote, jioni na asubuhi, na kila linapotajwa jina la Hamani, adui aliyetaka kuwaangamiza Wayahudi, watu hupiga njuga na kukanyaga sakafu ili lisisikike. Majina ya wanawe kumi msomaji huyatamka kwa pumzi moja. Sikukuu ni tarehe 14 ya Adari, mwezi wa kalenda ya Kiyahudi. Yerusalemu, kama mji wa kale wenye ukuta, huadhimisha tarehe 15. Kabla yake kuna Mfungo wa Esta. Watu hupelekeana vyakula, huwapa maskini wasiopungua wawili, na hula vitobosha vya pembetatu ambavyo Waisraeli huviita "masikio ya Hamani". Neno *pur* ni kura, ile aliyoipiga Hamani kuchagua siku ya kuwaangamiza.

Kaburi lake liko wapi?

Mapokeo ya Wayahudi wa Iran yanalionyesha Hamadan, pamoja na la Mordekai. Mapokeo mengine yanalitaja Baram, huko Galilaya.

Natarajia binti. Hadasa halitaonekana geni mno?

Huko Israeli, Hadasa ni jina linaloishi, pamoja na ufupisho wake, Hadas. Hata chama cha wanawake Wayahudi kilichoanzishwa New York mwaka 1912 na Henrietta Szold, chenye hospitali maarufu Yerusalemu, kinaitwa hivyo. Na kama bibi yake ni Esta, ukiita Hadasa utakuwa umemrithisha jina, na mkiita mmoja hawataitika wawili.