Kabla hujalipia hicho chumba cha "kifahari" melini, soma hapa

Mkuu, simamisha hiyo oda. Kama hujatuma malipo ya awali usitume, na kama umeshatuma mpigie wakala wako sasa hivi, haya mengine utayasoma baadaye.

Nimelisoma bandiko lako nikahisi tumbo linakata. Umepewa chumba cha meli ya kitalii chenye roshani, sitaha ya juu kabisa ya vyumba, mbele mbele, chini ya sitaha ya bwawa, na wakala amekupamba kwamba ni "sehemu ya kifahari, unapanda ngazi moja tu uko kwenye chakula". Halafu unatuuliza uongeze hela uchukue hicho au ubaki na cha ndani kisicho na dirisha, upande gani wa meli una mandhari nzuri, suti ubebe au usibebe, na vidonge vya kichefuchefu ununue kabla au hukohuko. Mimi naanza na lile ambalo hukuuliza: saa kumi alfajiri, nani atakuwa juu ya dari lako na atakuwa anafanya nini?

Maana hayo maneno ya ngazi moja uko kwenye chakula ndiyo niliyouziwa na mimi. Na kweli chakula kilikuwa karibu. Kilikuwa karibu kiasi kwamba kila sahani iliyoanguka niliifahamu.

Ngoja nikueleze maisha ya bwawa la melini, kwa sababu kwenye matangazo utaona watu wamejilaza na juisi zao, kimya, jua linawaka. Mchana hakuna tatizo, mchana hata wewe utakuwa huko juu. Shughuli inaanza muziki ukishazimwa na wageni wakishaondoka. Wanakuja watu wa usafi. Viti vya kuotea jua vinakusanywa na kupangwa mafungu mafungu, sitaha inamwagiwa maji, inasuguliwa, inakaushwa. Kisha kabla hakujapambazuka viti vinarudishwa mahali pake, kimoja kimoja. Havibebwi, mkuu. Vinaburutwa. Na wanapoviburuta ndipo dari lako lilipo, chuma tupu na kibao chembamba cha kufunikia, na chuma hakimezi sauti, kinakuletea ilivyo.

Ukidhani yameisha, wanaamka wale abiria wa kuwahi viti. Unawajua, hata mswaki hawajapiga wameshatandika taulo. Nao wanaburuta upya, kwa sababu kiti kilielekezwa upande wasioutaka. Nyuma kidogo ya bwawa ndiko kwenye ukumbi wa bufee na jiko lake, na jiko lina mikokoteni ya vyombo. Gurudumu likipita kwenye kiungio cha sakafu: ta-ta. Linarudi: ta-ta. Ukishaanza kuhesabu hizo ta-ta, usingizi usahau.

Mwenzangu usiku wa kwanza alisema ni radi. Usiku wa pili aliniuliza, kwa ile sauti ya upole ambayo walio kwenye ndoa wanaielewa, kama nililipia chumba au karakana.

Nikashuka mapokezi. Dada wa watu, mpole, akanisikiliza huku akitabasamu, akafungua droo akanipa vizibo vya masikio. Droo ilikuwa imejaa vizibo. Kumbe wananisubiri! Nikaomba kuhamishwa, nikajibiwa meli imejaa, na haikuwa kisingizio. Kampuni za meli zinahesabu ujazo kwa watu wawili kila chumba, kwa hiyo familia zikilaza watoto kwenye vitanda vya ziada, hesabu inavuka asilimia 100, na kwenye biashara hiyo ni jambo la kawaida. Hotelini ukichukia chumba utabeba begi lako uvuke barabara. Baharini utavuka kwenda wapi?

Hela niliyoongeza ili nipate hicho "cha kifahari" ndiyo inayoniuma mpaka leo. Vyumba vya aina hiyohiyo, sitaha mbili chini, vilikuwa na bei ndogo zaidi. Nimelipa zaidi ili nilale vibaya zaidi. Chekeni tu, nimeshazoea, kwenye familia wananiita Mheshimiwa wa Sitaha ya Juu.

Sasa nimgeukie aliyeniuzia. Mawakala wengi wanaishi kwa kamisheni ya nauli, nauli ikipanda na chao kinapanda. Sisemi ni tapeli. Nasema hajawahi kulala pale. Nilimuuliza kwa kinywa changu, "juu ya hicho chumba kuna nini?" Akanijibu, "juu kuna starehe zote." Jibu la mwanasiasa! Na mimi nikafurahi! Nilipomrudia baadaye akaniambia kila mtu ana masikio yake. Nikamwambia ndiyo, yangu nilikuja nayo, nikayaziba kwa vizibo vya mapokezi. Na hao wanaorekodi video za "tembelea chumba changu" wasijifiche nyuma yake. Wanaingia mchana, wanakuonyesha kitanda, droo, choo, taulo lililokunjwa umbo la mnyama, wanafungua pazia, kwisha. Hakuna hata mmoja aliyekaa kimya alfajiri na simu yake akuonjeshe dari.

Hii imani ya kwamba juu ndiko kwenye hadhi sijui imetoka wapi. Meli za zamani za abiria zilijua zaidi. Titanic, 1912, daraja la kwanza waliwekwa eneo la katikati ya meli, na daraja la tatu wakasukumwa miishoni, kule omo (mbele) na kule tezi (nyuma). Mwisho wa meli ile mnaujua, ila kwenye kupanga vitanda hawakukosea. Wimbi likija kwa mbele, omo inapanda tezi inashuka, kisha kinyume chake, kama ule ubao wa watoto wa kupandishana: aliyekaa katikati hasogei sana. Meli ikiyumba kushoto na kulia, aliye juu anabebwa umbali mrefu kuliko aliye chini. Usije ukaambiwa kwamba meli za siku hizi zina mapezi ya kutuliza. Yapo, na yanasaidia, lakini yanapunguza huko kuyumba kwa ubavuni. Kupanda na kushuka kwa omo hayagusi. Kwa hiyo chumba chako wewe, juu tena mbele, kimebeba mitikisiko ya aina zote mbili, na juu yake viti. Na umesema mwenyewe kwamba mkeo anachafukwa hata kwenye basi!

Kanuni yangu ni hii, na hata usiposhika lingine lolote shika hili: VITANDA JUU, VITANDA CHINI. Juu yako wawe wamelala watu, chini yako wawe wamelala watu. Aliyelala haburuti kitu. Mengine yote ni mapambo.

Kuna mdau hapo juu kakuambia, "acha kujichosha, chumba ni cha kulala tu." Ndugu yangu, hiyo ndiyo hoja yenyewe!

Kuangalia si kazi. Kila kampuni inaweka ramani za sitaha kwenye tovuti yake. Chukua namba ya chumba, namba za mwanzo kwa kawaida ndizo sitaha. Fungua ramani ya sitaha yako, kisha ya juu yake, kisha ya chini yake, na utafute sehemu ileile kwenye zote tatu. Tumia lifti na ngazi kama alama, kwa sababu hizo zimesimama palepale kutoka chini mpaka juu. Hesabu milango kutoka kwenye lifti. Usikadirie kwa macho, chumba kimoja kinaweza kuwa chini ya vitanda na cha jirani kikawa chini ya jiko. Hakikisha na ramani ni ya meli hiyo hasa na ni ya sasa. Meli pacha hazifanani kila kitu, na meli ikiingia chelezo kukarabatiwa inaweza kutoka na baa mahali palipokuwa maktaba.

Ukiona eneo jeupe lisilo na jina kwenye ramani, kimbia. Jeupe maana yake si tupu. Ni stoo, ni chumba cha mitambo, ni kijichumba cha wahudumu wanakopakia mikokoteni, yaani kitu ambacho hawaoni faida ya kukutangazia. Chini nako usipasahau. Ukumbi wa maonyesho, disko, baa yenye bendi, besi inapanda juu kama moshi haiulizi hodi. Vyumba vya chini kabisa kule omo vina ubaya wake mwingine: nanga, na zile rafadha ndogo za ubavuni zinazosukuma meli ikijiegesha gatini. Meli nyingi zinaingia bandarini asubuhi na mapema, kwa hiyo utaamshwa na mngurumo kabla ya kengele yako. Kule tezi kuna mtetemo, ingawa inategemea meli na meli.

Angalia pia alama ya mlango wa kati, inayoonyesha kwamba vyumba viwili vinaunganika. Ni mzuri ukiwa na watoto chumba cha pili. Ukiwa na wageni usiowajua, utasikia ugomvi wao wote na utajikuta una upande.

Halafu mtego ambao naona unakunyemelea, maana umeandika kwamba wakala "anaweza kukutafutia ofa ya kupangiwa". Ofa hiyo maana yake unalipia aina ya chumba, namba anachagua mwenye meli. Bei inashuka kweli. Lakini vyumba vizuri watu wenye akili wameshavichagua, vinavyobaki ndivyo atakavyogawa, na ukishapewa chini ya jiko hutakuwa na pa kulalamika kwa sababu ulisaini. Mtu asiyeamshwa hata na adhana dirishani achukue, ataokoa hela. Wewe na mkeo hapana.

Na mtego pacha wake ni kupandishwa daraja bure. Umekaa, umepiga mahesabu, umepata chumba katikati ya meli chenye vitanda juu na chini, halafu unaletewa ujumbe: hongera, tumekuhamishia cha juu zaidi! Unashangilia, kumbe umerudishwa chini ya bwawa kulekule. Mwambie wakala mapema aandike kwenye oda yako kwamba hutaki kuhamishwa bila kuulizwa. Ni jambo linalowezekana. Akikuambia halipo, huyo ni ndugu wa yule wangu.

Sasa roshani au ndani. Cha ndani kilicho katikati ya meli, vitanda juu, vitanda chini, kinalaza vizuri kuliko roshani yako hiyo. Ukizima taa ni giza la kweli, hujui mchana wala usiku, usingizi unakata kama kisu. Bei ndiyo ya chini kuliko zote. Wengine wanahisi kuzibwa pumzi, hao walipie dirisha. Roshani ni nzuri kwa safari yenye mandhari, na ikipita kanuni yangu sina ugomvi nayo, ila soma maandishi madogo. Ukikuta neno lolote la "mandhari iliyozibwa" ujue mara nyingi mbele yako imening'inizwa boti ya kuokolea. Kwenye bandari ambazo meli inatia nanga nje, baadhi ya boti hizo ndizo zinazoshushwa kupeleka watu nchi kavu, na kushushwa kwake si kwa siri. Dirisha lililo kwenye sitaha ya matembezi nalo, watu wanapita mbele yake asubuhi wakikimbia mazoezi. Pazia litafungwa safari nzima, sasa ulilipia nini?

Upande wa kushoto au kulia usikuumize kichwa kama meli inazunguka na kurudi ilikotoka. Bandarini nako inaweza kulaza ubavu wowote.

Kwa hiyo leo hii fanya hivi. Mpigie wakala, mwambie akupe namba tatu za vyumba vya katikati ya meli, sitaha za kati, vya ndani au vya roshani kulingana na mfuko wako, na kabla hajazitoa akutajie kwa mdomo wake kilicho juu na kilicho chini ya kila kimoja. Akianza na "starehe zote", kata simu. Kama ulishalipa ya awali bado usikate tamaa, kwa kawaida wanakubali kubadilisha chumba kabla ya malipo ya mwisho maadamu nafasi ipo, ila kila siku inayopita vile vizuri vinachukuliwa.

Ukizipata hizo namba ziweke hapa pamoja na jina la meli. Humu kuna watu wanaozijua ramani hizo kuliko mabaharia. Usituwekee picha ya kitanda tu, kitanda wote tunakijua.