Kwa nini kamba wa baharini ni ghali hivi?

SWALI: Shikamoo mzee. Napika chakula cha kuuza Majengo, Dodoma. Wateja wananiomba kamba, lakini bei sizimudu. Meli inakokota wavu mkubwa kutwa nzima, mbona hawashuki bei?
Mama Lishe, Dodoma

JIBU: Marahaba mwanangu. Kabla ya kuhamia huku nilikuwa baharia kwenye meli ya kukokota wavu, tukivua kamba karibu na delta ya Rufiji. Kilichotutesa ni dizeli. Injini inaburuza wavu mzito chini ya bahari, na inakula mafuta mengi, wavu upande umejaa au mtupu.

Tena usidhani wanaopanda na wavu ni kamba peke yao. Tulipoumwaga wavu sitahani tuliona kaa, ngisi, samaki wachanga wa kila aina, siku nyingine kasa. Kamba walikuwa wachache, na ndio waliolipia safari: tuliwachambua kwa ukubwa, wakagandishwa, wakasafirishwa nje. Samaki wachanga tuliwatupa wamekufa. Hilo linaniuma hadi leo, maana wangekua wangevuliwa na wenye ngalawa.

Kamba hutaga baharini, watoto hukulia kwenye mikoko, kisha hurudi maji makubwa. Wazazi wakimalizwa, hakuna msimu. Walipopungua sana, mwaka 2008 serikali ilizisimamisha meli hizo, zikakaa nje miaka mingi.

Wewe nunua uduvi mkavu, wale kamba wadogo sana. Upike na nazi na nyanya. Hauhitaji barafu ya kilomita 450 kutoka Dar es Salaam.