Mwangwi, mvumo na chupa ya soda

SWALI: Shikamoo, mwalimu. Mimi ni fundi wa viyoyozi hapa Mwanza. Natafsiri maelezo ya rezoneta, kifaa kinachofungwa kwenye dakti (mfereji wa bati wa kupitishia hewa) ili kupunguza kelele za feni. Nimekiita "kitoa mwangwi hai chenye nguvu", na wenzangu wananicheka. Nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba. Maneno matatu yamekuponyoka: mwangwi, hai na nguvu.

Mwangwi ni sauti iliyogonga kitu ikakurudia. Simama mbele ya miamba yetu hapo mjini, paza sauti, utausikia. Kifaa chako hakirudishi sauti, kinavuma nayo. Puliza juu ya mdomo wa chupa tupu ya soda: inavuma kwa mlio mmoja tu, maana hewa ya shingoni inarukaruka juu ya hewa ya tumboni kama juu ya springi. Mjerumani Hermann von Helmholtz alilichunguza jambo hilo karne ya 19. Chupa ya namna hiyo ikifungwa ubavuni mwa dakti, hupunguza mvumo wa feni unaolingana na mlio wake.

Jina lingetokana na kuvuma, basi. "Kivumishi" lingefaa sana, ila wanasarufi walishalichukua! "Kiitikio" nalo liko kwenye nyimbo. Baki na rezoneta, ulieleze mara ya kwanza tu.

Hai? Hakipumui. Kina maikrofoni inayosikiliza na spika inayojibu, kwa hiyo ni tendaji.

"Chenye nguvu" ndilo linalopotosha zaidi, maana msomaji atadhani spika ni kubwa. Kinachosemwa ni kwamba hali ikibadilika, kifaa hakiachi kazi. Joto likipanda kwa nyuzi 1 ya Selsiasi, mwendo wa sauti hewani huongezeka kwa takriban mita 0.6 kwa sekunde. Dakti uliyoipima alfajiri si ileile saa nane mchana, mabati yakiwaka. Kifaa kilichorekebishwa kwa hali moja tu kinaweza kuanza kukosea, spika ikailisha maikrofoni sauti yake yenyewe hadi kikapiga mluzi, kama vipaza sauti vya harusini. Kinachohimili hayo ni stahimilivu.

Andika hivi: "rezoneta tendaji, stahimilivu, ya kupunguza mvumo wa dakti". Kelele waachie wachuuzi wa dagaa pale mwaloni Kirumba.