Maswali yenu: uji wa oti unaojipika mkiwa mmelala

Jungu la umeme, lile lenye chungu kizito ndani na moto mdogo unaokwenda usiku kucha, limeleta maswali mengi kuliko nilivyotarajia. Haya ndiyo yanayojirudia zaidi.

Nilipima sawasawa, asubuhi nikakuta gundi. Nimekosea wapi?

Dada, hebu itazame pakiti. Kama oti zako ni bapa na nyembamba, kosa si lako. Hizo zimeshapitishwa kwenye mvuke na kubanwa kiwandani, dakika tano jikoni zinazitosha. Ukizilaza kwenye moto saa nane zinatoa utelezi wote. Tafuta zilizokatwakatwa, chembe ngumu zinazofanana na chenga za mchele. Kikombe kimoja kwa maji vikombe vinne, chumvi kidogo, moto mdogo. Washa saa nne usiku, saa kumi na mbili asubuhi pakua. Ukitaka wa kunywa, uzimue asubuhi kwa maji ya moto.

Katikati unaiva vizuri, pembeni unaungua.

Hili limenitesa hata mimi. Siku ya kwanza niliamshwa na harufu, nikakuta pete ya ukoko wa kahawia imeng'ang'ania chungu kizima. Niliukwangua mpaka karibu na adhana ya adhuhuri. Ukoko wa wali watu huugombania. Huu hata kuku waliuparura wakauacha.

Majungu mengi joto lake hutokea ubavuni, na usiku hakuna wa kukoroga. Basi tia oti na maji yake kwenye bakuli linalostahimili joto, lishushe ndani ya chungu, kisha zungushia maji mpaka nusu ya kimo cha bakuli. Funika. Maji yale hayapiti joto la kuchemka, kwa hiyo uji hauna pa kuungulia. Bakuli lisipoingia, pakaza samli ndani ya chungu, chini na pembeni. Na mara ya kwanza jaribu mchana, ukiwa macho, maana majungu hayalingani moto.

Nitie maziwa au tui tangu usiku?

Hapana. Maziwa hushika na kukatika, tui hujitenga mafuta. Pika kwa maji, tui zito na iliki viingie asubuhi. Kijiti cha mdalasini kinaweza kulala humo. Tende nazo ziache zilale: zinayeyuka, na sukari hutaiulizia.

Huu si ndio uji wa shayiri wa Ramadhani?

Siyo, ingawa dukani ukiomba shayiri unaweza kupewa oti. Ni nafaka mbili tofauti. Ila shayiri nayo inalikubali jungu: maji vikombe vitano kwa kimoja, washa saa mbili usiku, saa kumi alfajiri daku iko tayari.

Na unga wa ulezi?

Huo uacheni na mwiko wake. Bila kukorogwa unazama na kufanya madonge.

Umeme ukikatika usiku?

Ukiamka uji umeshakuwa vuguvugu na hujui umeme ulikatika lini, mwaga. Najua inauma. Lakini vijidudu hupenda chakula vuguvugu, na sumu ya baadhi yao haiondoki hata ukichemsha upya.

Mimi sina jungu. Ndiyo basi?

Aliyekwambia ni nani? Mmarekani Irving Naxon, aliyepata hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya chombo hiki mwaka 1940, alichota wazo kwenye hadithi ya mama yake kuhusu cholent, chakula cha Wayahudi wa Lithuania. Chungu kilipelekwa Ijumaa kwenye tanuri la mwoka mikate, moto ukafifia nacho ndani, kikaliwa siku ya Sabato, siku ambayo hawawashi moto. Jina la biashara la Crock-Pot, ambalo wengi hulijua jungu hili kwalo, lilikuja baadaye sana, mwaka 1971. Kwa hiyo mwenye jiko kapu, lile kapu linalotunza joto la sufuria, au chupa ya chai hajapitwa na kitu.

Chukua chupa ya mdomo mpana, ijaze maji yanayochemka ikae dakika tano. Wakati huo chemsha oti za kukatwa kikombe kimoja kwa maji vikombe vitatu, nazo dakika tano. Mwaga maji ya chupa, mimina uji ukiwa bado unatokota, kaza kifuniko. Asubuhi kifungue taratibu, uso ukiwa mbali: mvuke wake bado mkali.